Nani Alimletea Cherop Korona

Jumatatu, 10 Mei 2021

Daftari hili nimenunuliwa na mke wangu, Chemutai. "Andika," amesema, "ili siku tukigombana juu ya nani alisema nini, tusome badala ya kupigiana kelele." Anajua mimi ni mtu wa kushuku. Sikatai. Tumepoteza mimba mbili kwa miaka sita, na kila mara kuna mtu alikuwa amepita hapa nyumbani siku chache kabla. Pengine ni bahati mbaya tu. Pengine.

Hii ya tatu imefika mwezi wa nane. Mvua inanyesha kila alasiri. Hapa kwetu juu ya Kipkelion majani ya chai yanakua kuliko mikono iliyopo ya kuyachuma.

Ijumaa, 14 Mei

Mvua. Chai. Janeffer wa shamba la chini ameleta mboga za managu, kifungu kikubwa, na hakutaka chochote. Nimejiuliza kwa nini.

Alhamisi, 20 Mei

Nimeenda Kisumu na Phelix, fundi wa mashine, kuchukua mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Joto la kule linatoa jasho mpaka kwenye nyayo. Duka lilijaa watu, barakoa zote zimeshuka kidevuni, yangu pia. Njiani Phelix alilala huku akitetemeka. Nikamwambia ni mabadiliko ya hewa.

Jumatatu, 24 Mei

Mafua. Ukichuma chai kwenye mvua hii lazima uyapate. Phelix alibaki na visu vya mashine akaahidi kuja kuvifunga, na sasa hashiki simu. Nashuku amegundua visu vyangu ni vizuri, akaamua kumuuzia mtu mwingine.

Jumatano, 26 Mei

Nimekohoa asubuhi nyuma ya zizi. Nimekunywa tangawizi.

Alhamisi, 27 Mei

Amezaliwa! Msichana, kilo tatu na gramu mia moja, saa tisa mchana, mvua ikipiga mabati ya hospitali hata hatusikiani. Kwa hiyo jina limejileta lenyewe: Cherop, wa mvua.

Langoni walinipima joto kwa kile kibastola. Askari akauliza, "Umekohoa siku hizi? Mafua?" Nikasema hapana. Kama ningesema ndiyo ningebaki nje hapo na kuambiwa habari kwa simu, na mimi sitaki habari zangu zipitie midomo ya watu.

Baba hawaruhusiwi wodini, lakini nesi mmoja wa kiume, Omariba, alinionea huruma. "Dakika tano, mzee. Barakoa isitoke." Nesi huyu alikuwa akiongea Kigusii kwenye simu na kunitazama. Aliniwekea mtoto mikononi, kisha akaitwa kitanda cha mbali.

Ana nywele nyingi. Sikujua mtoto anaweza kunuka vizuri hivyo. Nilishusha barakoa kidogo tu, nimnuse.

Jumamosi, 29 Mei

Wamerudi nyumbani. Mama yangu, ambaye sasa sote tunamwita Kogo kwa sababu amekuwa nyanya, alimpokea mtoto mlangoni akalia. Sijawahi kumwona akilia.

Jumatatu, 31 Mei

Leo amepewa jina la ukoo. Wanawake wanane walikaa nyumbani mwangu, wanaume tukabaki nje. Kogo alikuwa akitaja majina ya bibi zetu waliotangulia, moja baada ya jingine, wakingoja mtoto apige chafya. Jina ambalo mtoto ataitikia kwa chafya ndilo lake.

"Taprandich!" Kimya. Jina la pili, kimya. "Tapkigen!" Akapiga chafya, na mara moja akapiga nyingine. Wanawake wakashangilia mpaka ng'ombe wakasimama zizini. Tapkigen alikuwa mama yake Kogo.

Nilichungulia dirishani. Aliyekuwa amempakata mtoto wakati huo ni Janeffer. Huyu ni mjane wa binamu yangu, ana kibanda cha mboga pale sokoni, na kila siku anagusana na watu wanaotoka kila mahali. Alikohoa mara mbili. Nimehesabu. Jikoni kulikuwa na moshi, ni kweli, lakini wengine saba hawakukohoa.

Na kwa nini mtoto alipiga chafya mara mbili?

Alhamisi, 3 Juni

Mtoto hanyonyi vizuri. Anashika titi, anaachia, analia bila sauti. Kogo anasema ni upepo tumboni.

Ijumaa, 4 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya hospitali.

Alfajiri Chemutai aliniamsha. "Baba Cherop, mguse." Mtoto alikuwa wa moto kama jiwe la mekoni. Alikuwa akipumua haraka, na kila akivuta pumzi ngozi ilizama katikati ya mbavu. Ana siku nane tu hapa duniani. Nilipiga simu ya gari la jirani, tukateremka kwenye matope, gari likateleza mara mbili, Chemutai akimpulizia usoni na kumwambia, "Vuta mama, vuta tena."

Omariba ndiye aliyetupokea. Hakuuliza maswali mengi. Alimfunga kifaa chenye mwanga mwekundu kwenye mguu, kwa kuwa kidole kilikuwa kidogo mno. Kilisoma oksijeni ya damu themanini na saba. Akasema inatakiwa kuwa juu ya tisini. Akamwekea mrija wa oksijeni puani. Kisha akachukua kijiti cha pamba, kirefu kuliko mkono wa mwanangu, akakiingiza kwenye tundu la pua lisilotosha hata mbegu ya mtama.

"Hiyo ni ya nini?" niliuliza.

"Kupima korona."

"Mtoto wa siku nane? Amesafiri na ndege gani?"

Akaandika kitu kwenye faili, akaifunga nilipojaribu kusoma. Wamemlaza Chemutai na mtoto kwenye chumba cha pembeni, mimi nikatolewa nje.

Jumapili, 6 Juni

Majibu yametoka. Wanasema mtoto ana korona. Mama yake pia anayo, ingawa haumwi popote.

Sijaamini. Niliona vile vichupa vilivyokuwa kwenye trei, vingi, vyote vinafanana. Nani anajua alichobadilisha na alichokosa kubadilisha? Nilimwambia Omariba hivyo hivyo, dirishani.

"Mzee, jina la mtoto niliandika mwenyewe mbele ya mama yake. Kama unataka tupime tena, tutapima. Lakini oksijeni sitaitoa nikingoja uamini."

"Basi aliitoa wapi?"

"Kwa pumzi ya mtu aliyemkaribia. Hawa wadogo hivi wanaipata kwa watu wa nyumbani, mara nyingi. Ni nani alimbeba?"

Nilimtajia Kogo na Chemutai. Halafu nikakumbuka moshi wa jikoni na kikohozi mara mbili.

Jumatatu, 7 Juni

Nimefanya nilichofanya na sioni aibu.

Nilimkuta Janeffer kibandani, soko limejaa. Alifurahi kuniona. Akasimama. "Baba Cherop! Mtoto anaendeleaje? Tunaomba kila siku."

Nikamwuliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Wewe ulikohoa mara ngapi ukiwa umempakata mtoto wangu?"

"Nini?"

"Ana korona. Yuko kwenye oksijeni. Wewe ndiye ulikuwa umemshika. Unashinda hapa na watu wa malori, halafu unakuja kwangu na managu yako."

Mikono yake ilikuwa kwenye mboga, akaiondoa polepole. "Mama wa Vinny hawezi kufanya hivyo," alisema, akijitaja kwa jina la mwanawe kama vile tunamzungumzia mtu mwingine. "Nilikohoa moshi, ndugu yangu. Wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua nyanya waliziweka chini.

Jumatano, 9 Juni

Nimepita sokoni na pikipiki. Kibanda chake kina mboga za jana na hakuna mtu. Aliye kibanda cha pili amesogeza meza yake. Afadhali watu wajihadhari.

Ijumaa, 11 Juni

Chemutai amepiga simu. Cherop amefika tisini na moja akiwa na oksijeni. Ananyonya kidogo kidogo, mama akiwa na barakoa. Nilimwambia asimnyonyeshe, atamwongezea ugonjwa. Akasema manesi wanataka anyonye, maziwa yanamsaidia. Nikamwuliza ni nani kati yao alisema hivyo.

"Omariba."

"Na wewe unamwamini?"

Nilisikia mashine ikilia kwa mbali. "Kipkurui, huyu mtu hajaenda kwao tangu Jumanne. Analala kwenye kiti. Wewe unataka nimwamini nani?"

Aliponiita kwa jina langu nilijua amekasirika.

Jumamosi, 12 Juni

Watu wa afya wamekuja kutupima sote: Kogo, mimi, na Janeffer, kwa sababu nilitoa jina lake. Amenipita njiani bila salamu.

Jumatatu, 14 Juni

Kogo hana. Janeffer hana. Mimi ninayo.

Nimewaza siku nzima. Kwanza: inawezekana ilikuwa imeshamtoka Janeffer kabla hajapimwa, siku kumi na mbili si kidogo. Pili: basi ni yeye aliyenipa mimi pia, siku ile ile. Nimejifungia chumba cha nje kama walivyoagiza. Kogo ananiwekea chakula mlangoni, anabisha, anaondoka.

Jumanne, 15 Juni

Sisikii harufu ya kahawa. Wala ya ng'ombe. Nadhani ni muda sasa, ila sikujali.

Jumatano, 16 Juni

Phelix amepiga simu! Sauti kama ya mzee wa miaka themanini.

"Kaka, nisamehe juu ya visu. Nililazwa. Tangu tarehe ishirini na tatu mwezi uliopita niko kwenye oksijeni, hata simu sikuwa nayo. Korona. Wewe uko sawa?"

"Niko sawa," nikasema.

"Basi Mungu ni mwema, kwa sababu tulikaa kiti kimoja."

Baada ya simu nilimkasirikia kwanza. Kwamba alipanda gari akiwa mgonjwa. Kwamba alinitetemekea begani safari nzima. Nikachukua daftari hili niandike hayo, kurasa zikafunguka nyuma, nikaanza kusoma.

Tarehe ishirini, Kisumu. Ishirini na nne, mafua. Ishirini na sita, nimekohoa nyuma ya zizi. Ishirini na saba, hapana, sikukohoa. Nilishusha barakoa kidogo tu, nimnuse.

Thelathini na moja ndiyo Janeffer alimpakata. Mimi nilikuwa nimeshakohoa siku tano kabla yake.

Nimeyasoma mara tatu nikitafuta njia nyingine. Hakuna. Ni mwandiko wangu, na wino ule ule.

Alhamisi, 17 Juni

Omariba amepiga simu kuuliza dalili zangu zilianza lini. Kwa faili, alisema. Nilitaka kumwambia tarehe kumi mwezi huu. Kinywa kilikuwa tayari kimefunguka.

"Tarehe ishirini na nne Mei," nilisema. "Na langoni nilidanganya. Na ulipoitwa kitanda cha mbali, nilishusha barakoa."

Nilingoja anitukane. Nilisikia kalamu.

"Sawa," alisema. "Nami nilikosea kukuingiza. Nitaandika hilo pia." Kisha akaniambia kwamba asubuhi mtoto alikuwa tisini na sita, na kwamba wanajaribu kumpunguzia oksijeni.

Nimelia, mlango ukiwa umefungwa. Mtu niliyemshuku kwa vichupa na kwa lugha ya simu yake ndiye aliyekuwa akihesabu pumzi za mwanangu.

Ijumaa, 18 Juni

Kafyu ya usiku sasa inaanza saa moja jioni kwetu na kaunti za jirani. Korona imekuwa nyingi. Kogo amefunga kuku mapema, kana kwamba nao watakamatwa.

Jumapili, 20 Juni

Mrija umetoka. Anapumua mwenyewe. Chemutai alinishikia simu karibu na mdomo wa mtoto nisikie. Sauti ndogo, kama mtu anayefagia mbali.

Jumatano, 23 Juni

Wamerudi! Amekonda, macho makubwa, lakini ananyonya kwa hasira. Nimesimama mbali nao mpaka Chemutai akasema, "Siku zako si zimeisha? Waliokupima wamesema uko huru. Njoo."

Sikwenda. Nilisema nimekumbuka ndama.

Ijumaa, 25 Juni

Nimemwambia. Alikuwa amekaa kitandani akimbeulisha mtoto. Nilianza na Phelix, nikazunguka Kisumu yote, nikafika kwenye zizi, akanikatiza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikusikia ukikohoa nyuma ya zizi. Chumba chetu kina dirisha upande ule."

Nilikosa pa kuweka mikono. "Na hukusema?"

"Nilitaka uingie. Miaka sita, Kipkurui. Nilitaka ukimwona usimwone kwenye simu. Kwa hiyo nilinyamaza, na hilo ni langu, nitalibeba." Alimgeuza mtoto begani. "Pale hospitali waliposema korona, nilijua siku hiyo hiyo. Nilikuwa nangoja useme. Badala yake nikasikia kwa watu kwamba umemvua nguo Janeffer sokoni."

"Sikumvua nguo."

"Basi muulize yeye kama ana kitu cha kuvaa."

Kisha akanieleza ambayo sikuwa nayajua. Kwamba Janeffer amefunga kibanda. Kwamba hubeba mboga zake kabla ya jua kwenda soko la mbali, ambako hawamjui, na siku nyingine hurudi nazo. Kwamba Vinny, binti yake, walimhamishia dawati la nyuma shuleni, peke yake. Kwamba kanisani benchi lake huwa na yeye tu. Na kwamba siku zote hizo, kila Ijumaa, alikuwa akimtumia Chemutai ujumbe: Mtoto anaendeleaje?

Jumamosi, 26 Juni

Mvua. Sijaenda.

Jumanne, 29 Juni

Nilifika mpaka kwenye ua wake nikasikia anaosha vyombo. Nikarudi. Nilijiambia ni mvua.

Alhamisi, 1 Julai

Kogo ameniuliza ikiwa ile chafya ilikuwa ya Tapkigen au ya ugonjwa. Amekuwa hajalala akiwaza kwamba labda mtoto ana jina ambalo si lake. Nilimwambia ni ya Tapkigen. Ameshukuru, akaenda kukamua. Sijui ukweli wa jambo hilo, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuuchunguza.

Jumapili, 4 Julai

Nilikwenda baada ya kanisa, wakati watu wanarudi kwa miguu na wengine wameshaingia kwenye chai kuiwahi kabla ya mvua. Nilichagua saa hiyo nikitumaini atakuwa ndani na tutaongea sebuleni, taratibu, tukiwa wawili.

Alikuwa kwenye kitalu chake akipalilia. Hakuweka jembe chini.

"Mama Vinny," nilisema.

"Simama hapo hapo langoni."

Nikasimama. Nikamwambia. Niliongea nikiangalia matope. Kwamba ni mimi niliyetoka na ugonjwa Kisumu. Kwamba nilikuwa nakohoa kabla mtoto hajazaliwa. Kwamba nilidanganya langoni. Kwamba yeye hakuwa na kosa, na nilijua hivyo tangu tarehe kumi na sita mwezi uliopita.

"Tangu kumi na sita," alisema.

"Ndiyo."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Nne."

Aliegemea jembe. Amekonda kuliko nilivyomkumbuka. "Sokoni uliongea hivi? Kama mtu anayeungama kwa padri?"

"Hapana."

"Basi sema tena. Wale walio kule juu hawajasikia."

Niligeuka. Juu ya njia, kwenye chai ya Kipsang, kulikuwa na watu kama kumi na wawili, vikapu mgongoni, na vichwa vyote vilikuwa vimeelekea kwetu. Mikono imesimama. Njiani walikuwa wengine, na Biblia zao.

Nikasema tena, kwa sauti. "Korona ya mtoto wangu nilimpa mimi! Si Janeffer! Mimi nilikuwa nayo nikaficha!"

"Kule mwisho hawajasikia," alisema.

Nikasema mara ya tatu. Sauti ilikatika katikati, nikaanza upya. Mtu mmoja kwenye chai alivua kofia, sijui kwa nini. Vinny alitoka akasimama mlangoni mwa jikoni, msichana wa darasa la saba, akanitazama mpaka nikamaliza.

Janeffer alirudia kupalilia. Nikamwuliza kama anaweza kuja kumwona mtoto, kwamba Chemutai anamtaka.

"Nikitaka kumwona nitakuja," alisema. "Sitakuja kwa kuwa umeniita."

Jumatano, 7 Julai

Nimeenda kwa mkuu wa shule kueleza. Vinny amerudishwa kwenye dawati lake. Kuna wanaonicheka njiani. Kuna mmoja aliyeniambia nilipaswa kunyamaza, mambo yalikuwa yameshatulia.

Jumamosi, 10 Julai

Kibanda kimefunguliwa. Sikusimama. Niliona kutoka kwenye pikipiki wateja wawili, mmoja wao kati ya wale walioweka nyanya chini.

Jumatatu, 12 Julai

Phelix amefunga visu. Anapumzika kila baada ya skrubu moja. Nimemwekea kiti.

Jumamosi, 17 Julai

Cherop amefikisha kilo nne. Mvua imepungua, kuna baridi asubuhi mpaka vidole havishiki jani.

Nilipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia nikarudi saa kumi. Mezani kulikuwa na kikombe kilichonywewa nusu, bado cha moto, na kifungu cha managu. Nikamwuliza Chemutai ni nani alikuwa hapa.

"Janeffer. Amekaa zaidi ya saa nzima. Amemwogesha mtoto, amemwimbia, mtoto amelala mikononi mwake."

"Yuko wapi?"

"Alisikia pikipiki yako," Chemutai alisema. "Amepita nyuma."

Nilitoka mpaka kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameshafika katikati ya chai, anateremka bila haraka, shali yake ya buluu ikionekana na kupotea kati ya mistari. Sikumwita. Nimerudi ndani, nikanawa mikono, nikavaa barakoa ingawa hakuna aliyeniambia, nikakaa kando ya mwanangu.